Mananasi Saba Juu ya Mlango

Naanza na kosa lenyewe, nisije nikaambiwa nimelificha. Siku ambayo binti wa jirani yangu aliletewa barua ya posa, mimi, mtu mzima mwenye mvi na cheti cha kidato cha nne, nilitundika hirizi saba juu ya mlango wao, kisha nikavuka njia, nikaketi barazani kwangu na kikombe cha chai, nikawa nasubiri sifa.

Hazikuwa hirizi. Yalikuwa mananasi. Lakini tangu siku ile nimekutana na wengi waliokuwapo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba aliona nanasi.

Nakaa Makorora, na nikisema nakaa, nakaa kweli. Kazi yangu ni kutengeneza feni, pasi na redio, na karakana yangu ni baraza ya nyumba yangu, kwa hiyo toka kitandani mpaka kazini ni hatua tisa, kumi nikipitia jikoni. Mjini naenda nikiishiwa waya. Baharini sijafika sijui tangu lini, na bahari yenyewe haijanifuata. Mke wangu husema miguu niliyopewa mimi ni ya akiba.

Wiki ile mke wangu alikwenda Mwera kwa mdogo wake aliyejifungua. Alitaka twende wote. Nikamwambia lazima mtu abaki alinde nyumba. Akaitazama nyumba, akautazama mlango wetu wa uani ambao hufungwa kwa kijiti, akanitazama na mimi.

"Haya, mlinzi," akasema. "Wakikuiba wewe, nitajua walikuwa na shida kweli."

Akaondoka. Naeleza haya kwa sababu angekuwapo, angeyaona yale mananasi yakiwa bado juu ya meza, na hadithi ingeishia hapo mezani. Lakini nilikuwa peke yangu, na mimi nikiwa peke yangu sina wa kunizuia.

Sasa jirani. Ni mama mjane, nyumba yake inatazamana na yangu, na kati yetu kuna njia ya mchanga ambayo bajaji mbili hazipishani. Anaoka mikate ya kumimina ya kuuza, na harufu yake huniamsha kabla ya saa. Amemlea bintiye mmoja peke yake, na huyo binti alijifunza kutembea akishikilia miguu ya meza yangu ya kazi. Mimi huniita baba mdogo. Jirani mwenyewe ana majina mawili kwangu. Akiwa na furaha huniita jirani. Akikasirika huniita fundi.

Binti siku hizi anauza katika duka la dawa, na amependana na mwalimu wa shule ya msingi, kijana wa Moa kule karibu na mpaka, mpole, anayesalimia hata paka. Shida haikuwa kijana. Shida ilikuwa shangazi yake. Kijana alifiwa na wazazi akiwa mdogo, akalelewa na shangazi, na bila ya neno la shangazi hapatoki barua wala mshenga. Na shangazi hakuwa na haraka. Kila alipoulizwa, alijibu, "Bado naulizia." Kuulizia ni haki yake, ndivyo tunavyofanya: unauliza ukoo wa watu, tabia, magonjwa, na kama nyumba ina mambo. Mambo ni yale mambo, mnayajua. Alimuulizia binti kwa jamaa wa Tanga mjini, akamuulizia hadi kwa watu waliohama mtaa. Miaka miwili. Mwisho akasema sawa, atakuja mwenyewe na mshenga, Jumamosi, baada ya adhuhuri.

Jirani aliniambia haya Ijumaa yake, nikiwa nimesimama juu ya stuli sebuleni kwake nikimtengenezea feni ya dari ili wageni wasitoke jasho.

"Jirani," akasema, akinishikia stuli, "yule mama akiridhika kesho, mimi nimepumua. Akikunja uso, kijana harudi. Hawezi kumpinga aliyemlea, na mimi simlaumu. Na mwanangu nimemsikia, anasema asipokuwa huyu basi tena."

"Atakunja uso kwa lipi?" nikamuuliza. "Nyumba yako safi, mtoto wako ana adabu."

"Sijui. Ndiyo maana silali."

Nikashuka kwenye stuli nikiwa nimeguswa sana. Na mimi nikiguswa, mikono huanza kuwasha.

Hapa sina budi kurudi nyuma kidogo, mpaka kidato cha pili. Baba yangu alitoka milimani kuja kukata mkonge, akaishia kambini, maisha yake yote yakawa ya nyuzi. Akanipeleka sekondari ili mimi nisiwe mtu wa nyuzi. Deski moja nilikaa na kijana aliyekuwa na mjomba baharia, na huyo mjomba alimletea kamba za plastiki, zile nyembamba kama tambi, laini, za rangi. Kijana akanifundisha kuzisuka. Unachukua ncha nne. Ya kwanza unaikunja, ya pili unaipitisha juu yake, ya tatu juu ya ya pili, ya nne inapenya chini ya ile ya kwanza, halafu unavuta zote pamoja na katikati panajifunga kitufe cha mraba, kizuri ajabu. Unarudia. Kitufe juu ya kitufe, mpaka unapata mnara, na ukijua kuukunja unapata samaki, kengele, nyota, kitu cha kuning'iniza funguo. Tulisuka chini ya deski, katika kipindi cha kemia, kwa kuwa mwalimu wa kemia alipenda kuandika ubaoni akitupa mgongo. Nilimaliza shule nikiwa na samaki kumi na wanne na F ya kemia. Baba alivitazama vyote viwili, samaki na cheti, akasema, "Kumbe nyuzi zimekufuata."

Nikaziacha miaka mingi. Mwaka juzi mteja mmoja alisahau furushi la kamba hizo barazani kwangu, hakurudi, na vidole vikakumbuka vyenyewe. Tangu hapo nusu ya funguo za mtaa wetu zinaning'inia kwenye kazi zangu. Sitasema ni kazi nzuri. Samaki wangu watu huwadhania viatu. Nyota yangu moja mtoto wa nyumba ya tatu aliirudisha akisema kaa amekufa. Lakini watu wanazipokea, na mimi kupokewa kunanitosha.

Basi Ijumaa ile nikaamua kuupamba mlango wa jirani. Nilisema nitasuka mananasi, kwa sababu binti yule alipokuwa mdogo alikuwa akila nanasi barazani kwangu mpaka midomo inamchubuka, halafu analia, halafu anaomba kipande kingine. Nikaona ni kumbukumbu nzuri. Nikavaa viatu, nikaenda mjini, jambo lililowashangaza watu wawili watatu njiani, mpaka kwenye duka linalouza kamba. Nilitaka njano na kijani. Muuzaji akasema njano na kijani zimekwisha, na buluu imekwisha, hata ya waridi. Zilizobaki ni nyeusi, nyekundu na nyeupe.

"Hizi hazitoki?" nikamuuliza.

"Hazitoki kabisa," akajibu.

Mtu mwenye akili angejiuliza kwa nini. Mimi nimezaliwa Tanga hii hii. Nimesikia ngoma za pepo tangu utotoni, najua wanaochezwa hujifunga nguo nyeusi, nyekundu na nyeupe, najua katika kilinge cha mganga hukosi rangi hizo tatu. Nilijua yote hayo, na bado nilisimama pale dukani nikifikiria kwamba nyekundu na nyeusi zinapendezana. Nikanunua.

Nanasi jeusi lenye mistari myekundu na myeupe. Ukiliandika tu unaona tatizo. Lakini tatizo kubwa zaidi likawa umbo. Nilisuka la kwanza likatoka bapa, limelegea kama soksi. Nikaona linahitaji kujazwa. Nikatazama huku na huku barazani, nikaona madaftari ya zamani ya binti. Alikuwa amesafisha chumba kwa ajili ya wageni, akanipa rundo lote, "Baba mdogo, chukua ya kufungia misumari." Nikachana ukurasa mmoja wa kaunta buku, wenye karatasi nzito, nikaukata vipande saba kwa sababu kamba ilitosha mananasi saba, nikakikunja kila kipande mara nyingi mpaka kikawa kigumu, nikakisukia ndani. Sikutazama kilichoandikwa. Kama ningekuwa mtu wa kutazama kilichoandikwa kwenye daftari la kemia, ningefaulu kemia.

Yakakaa vizuri sasa, magumu. Ila hayakuwa tena ya duara. Yakawa vifuko vidogo vya mstatili, vimeshonwa pande zote, vimejaa. Juu niliacha ncha nne zisimame kuwa majani ya nanasi, nikazichoma kwa kiberiti zisifumuke, zikawa nyeusi na zikanuka.

Jumamosi asubuhi nilikwenda kwa jirani eti kuiangalia feni mara ya mwisho. Jirani na wanawake wenzake walikuwa uani wanapika. Nikasogeza stuli mlangoni, nikapigilia vimisumari saba juu ya fremu, nikayapanga, jekundu zaidi likae katikati. Nikarudi nyuma hatua mbili nikayatazama. Naapa niliona mananasi.

Wageni walifika kwa bajaji. Wa kwanza kushuka alikuwa mshenga, mzee wa kanzu, mwembamba, barua ameifunga kwenye leso nyeupe. Nyuma yake wanawake wawili wamebeba sinia lililofunikwa. Wa mwisho shangazi. Sikuhitaji kuambiwa kuwa ndiye. Alishuka kwenye bajaji kama mtu anayekagua daraja.

"Hodi!" mshenga akaita.

"Karibuni! Karibuni ndani, mlango wazi!" Jirani alikuwa bado uani, sauti ilipita nyumba nzima.

Shangazi alikuwa amevua kiatu kimoja. Akainua macho. Kiatu cha pili hakikutoka.

Ng'ambo ya njia, moyo wangu ukapanda. Ameyaona, nikajisemea. Nikamwona ananyoosha kidole, anahesabu polepole, moja, mbili, mpaka saba. Kisha akavuta mtandio wake, akarudisha mguu ndani ya kiatu. Mimi ambaye sikusoma daftari, hata kile kiatu sikukisoma. Nilidhani amezidiwa na uzuri. Nikasimama, kikombe mkononi, nikapaza sauti:

"Shikamoo, shangazi! Hayo nimeyasuka mimi mwenyewe! Kwa mkono wangu! Nimemwekea bibi harusi!"

Cherehani ya nyumba ya tatu ikasimama. Mtaa mzima ukawa na masikio.

Shangazi akageuka. "Marahaba," akasema kwanza, kwa kuwa ni mtu wa adabu. "Umeyasuka wewe."

"Mimi."

"Na ncha ukazichoma moto."

"Ndiyo, zisifumuke."

"Yako saba."

"Kamba iliishia hapo, shangazi."

"Na ndani mna kitu?"

Nami si mwongo. "Mna karatasi," nikasema.

Akashusha pumzi. Akamgeukia mshenga bila kupandisha sauti. "Mzee wangu, barua irudishe mfukoni. Hodi tumepiga, lakini hatuingii."

Ndipo jirani akatokea mlangoni, mwiko mkononi, tabasamu tayari usoni. Akawaona wageni wamesimama. Akafuata macho yao juu. Akaona. Akavuka njia kwa macho mpaka kwangu.

"Fundi," akasema. "Nini hivi?"

"Mananasi," nikajibu.

"Mananasi?"

"Ya kusuka."

"Dada yangu," shangazi akamwambia jirani, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu aliyechoka, "mimi sikuja kukuvunjia heshima. Huyu mtoto ni amana ya kaka yangu. Nimemkuza bila mambo mlangoni, sitamwoza penye mambo mlangoni. Nimeulizia miaka miwili sikupata kitu, leo nakikuta chenyewe kimetundikwa. Usinione mbaya."

"Wallahi sijui habari hii!" jirani akasema. "Huyu ni jirani tu, ni fundi wa feni! Hana anachokijua!"

Hilo lilikuwa la kunitetea, nami nililipokea hivyo. Nikavuka njia mbio, mbio zangu za kwanza mwaka huo, na mkasi mkononi.

"Nitafungua moja," nikasema. "Muone wenyewe hamna kitu."

Wanawake wa sinia wakarudi nyuma hatua. Nikapanda stuli, nikalishusha la katikati, nikalikata ubavuni. Kipande cha karatasi kikadondokea kizingitini. Hapana aliyeinama isipokuwa mshenga. Alivaa miwani, akakikunjua, akakisogeza mbali, akakisogeza karibu.

"Ni vyumba," akasema. "Vyumba vya mraba, vimepigwa rula. Kila chumba kina namba na herufi." Akasoma: "Kumi na moja, Na. Kumi na mbili, Mg. Kumi na tatu, Al."

"Al nini?" shangazi akauliza.

"Imeishia hapo. Al tu."

Nami nilikuwa pale juu ya stuli na mkasi wangu. Ukitaka kujua hirizi ina nini ndani, muulize yeyote: vyumba vya mraba, namba, na herufi.

Sasa siku ya posa, anayeposwa hukaa chumbani. Haonekani, hasikiki, hata kikohozi hukimeza. Binti alikuwa amekaa chumbani kama inavyotakiwa, amevaa vizuri, anasikia yote. Pazia likasogea. Akatoka. Akapita kando ya mama yake, akamsalimia shangazi kwa shikamoo ya kuinama, akaichukua ile karatasi mkononi mwa mshenga.

"Huu mwandiko wangu," akasema.

Jirani akakaa chini. Si kwenye kiti, chini, kizingitini, na mwiko wake. Mimi nilifikiria kubaki juu ya ile stuli maisha yangu yote.

"Wako?" shangazi akauliza.

"Wangu, shangazi. Wa kidato cha tatu. Ni kemia hii." Akanitazama. "Baba mdogo, umetumia daftari langu?"

"Ukurasa mmoja," nikasema. "Ni karatasi nzito."

"Nimeshasikia mengi yakiitwa kemia," shangazi akasema. "Na mganga naye siku hizi amesoma."

Binti hakubishana. Alinipokonya mkasi. "Nishushie yote," akaniambia, na nikayashusha, moja moja, kama mtu anayeanua nguo zake mwenyewe mvua ikiwa imeshazilowesha. Akakaa kizingitini kando ya mama yake, akayakata. Kazi ya jioni nzima na usiku wake, mikato sita. Vipande vikatoka, akavinyoosha juu ya goti, akaanza kuvipanga chini kwenye mkeka wa mlangoni, hiki kikifuatana na hiki, huku akisoma kama anasoma orodha ya wanafunzi: haidrojeni, heliamu, lithiamu. Vyumba vikaungana. Mshenga alichuchumaa akawa anamsaidia, maana ni mzee anayependa kitu kikae mahali pake.

Kikabaki kipande kimoja, na pengo moja mkekani. Binti alikikunjua akasita, akatabasamu, akampa mshenga. "Soma wewe, babu. Nikisoma mimi atasema natunga."

Mshenga akasogeza miwani. "Hapa chumba kitupu. Namba kumi na nane, hakina herufi. Kimezungushiwa duara kwa wino mwekundu. Pembeni pameandikwa, kwa wino huo huo..." Akakohoa. "'Agoni yuko wapi? Acha haraka. Kumi na tisa kwa ishirini.'"

"Rudia," shangazi akasema.

Akarudia.

Shangazi akaichukua karatasi mwenyewe. Aliitazama alama nyekundu ya vema iliyokuwa kando ya maksi, kubwa, ya mwalimu aliyekuwa na madaftari mengi ya kusahihisha. Aliitazama muda mrefu hivi kwamba chai yangu ng'ambo ilipoa.

"Imesahihishwa," akasema.

"Ndiyo, shangazi."

"Mganga gani," akauliza, na mabega yakaanza kumtikisika, "mganga gani anasahihishiwa hirizi?"

"Tena kakosa moja!" akadakia mwanamke wa sinia.

Basi. Walicheka mpaka sinia likawekwa chini lisimwagike. Mshenga alivua miwani akafuta macho kwa leso ya barua. Hata jirani, pale chini, alicheka na kulia kwa pamoja, akipigapiga mwiko kwenye kizingiti. Mimi sikucheka, nilikuwa nimesimama juu na hakuna aliyeniambia nishuke.

Shangazi alipotulia akamtazama binti. "Wewe umetoka nje siku ya posa yako. Mbele ya wanaume."

"Ndiyo, shangazi. Naomba radhi. Ningengoja ndani, mngeondoka."

Shangazi akatafakari hilo. "Mwanangu mpole mno," akasema mwishoni, kama anajisemea. "Kuku wakimvamia huwaomba radhi. Nyumba yao itahitaji mtu wa kutoka nje." Akavua viatu vyote viwili. "Mzee, barua. Hodi!"

"Karibu!" jirani akapiga kelele, ingawa walikuwa wanagusana magoti.

Wakaingia. Mimi sikualikwa, nami sikuona vibaya. Niliokota vipande vya kamba kizingitini, vyeusi, vyekundu, vyeupe, nikavipeleka nyumbani. Kutoka barazani nikasikia feni ikizunguka sebuleni kwao, taratibu, bila kulia. Hiyo nilitengeneza vizuri, iandikwe mahali.

Wakati wa kuondoka shangazi alisimama mbele ya baraza yangu. "Fundi, wameniambia unasuka na vya kuning'iniza funguo?"

"Nasuka, shangazi. Samaki, kengele..."

"Nisukie samaki. Wa kijani. Na tumbo liache wazi, nimwone mpaka mgongoni."

Mke wangu alirudi kesho yake. Sijui habari zinasafiri kwa njia gani, maana mimi sikupiga simu, lakini alishuka kwenye bodaboda akiwa anazijua zote, na za kuongezea. Aliweka kikapu chini, akauangalia mlango wa jirani, akaniangalia mimi.

"Mume wangu," akasema kwa upole wa hatari, "nilikuachia nyumba yetu uilinde. Nani alikutuma ukailinde na ya mwenzako?"

Alasiri ile jirani alivuka njia na sahani ya pilau iliyobaki, imefunikwa. Nilipomwona nikanyanyuka kuingia ndani, mke wangu akanishika shati. Jirani akakaa kwenye stuli ya wateja. Akatueleza kwamba barua imejibiwa, kwamba harusi itakuwa baada ya kufunga shule ili bwana harusi awe na nafasi, kwamba zile karatasi saba shangazi ameziomba, ameondoka nazo Moa akawaonyeshe wenzake. Alikuwa amelala usiku kucha, ilionekana usoni. Nikala pilau. Ilikuwa nzuri, na ile nzuri yake ikanipa ujasiri ambao hakuna aliyeuomba.

"Jirani," nikasema, "nimeulizia kule dukani. Kamba za kijani na njano zinaingia mwezi ujao. Nimefikiria, kwa ajili ya harusi, pale getini kwenye maturubai, naweza kusuka..."

Mke wangu alifumba macho. Jirani akaniondolea sahani mkononi, ingawa sikuwa nimemaliza, akainuka, akasema:

"Jirani, wewe harusini uje mikono mitupu, tena uitie mfukoni."